Injini Isiyobebeka

Mwamkulu, Mpanda
26 Mei 2025

Mdogo wangu Ponsian,

Tumsifu Yesu Kristu. Huku hatujambo. Mpunga wote umeshaingia ndani, isipokuwa wa jaruba la mwisho ambao ndege walituwahi. Nakuandikia kwa sababu nikikupigia simu unasikia nusu, na nusu hiyo huwa ni ile unayoipenda. Karatasi utaisoma mpaka mwisho, na ukisema hukuelewa nitajua unanidanganya.

Umeme umefika kwenye mashine yangu. Tangu mwezi wa pili nakoboa kwa mota, na ile dizeli ya marehemu baba imewekwa pembeni, imefunikwa magunia, kuku wanatagia juu yake. Wiki iliyopita nilimwita Enoka, fundi wangu, akamwaga oili ya zamani, akasafisha nozeli, akapiga hendeli. Iliwaka mara ya kwanza. Nilisimama pale nikaona aibu, kama mtu aliyemstaafisha mzee ambaye bado ana nguvu.

Kwa hiyo nimeamua iende kwenye boti. Shamba la mama kule Litapunga tuliliuza ili upate mbao, na wewe ukaiandika boti jina lake, SUZANA. Sioni kwa nini ipigwe makasia mwaka wa sita huu wakati injini ya baba ipo. Ziwa limefungwa mpaka katikati ya Agosti, boti zenu zote ziko nchi kavu, muda wa kazi upo. Enoka anasema itahitaji kitanda cha mbao ngumu cha kuikalisha, shafti, propela, na tundu moja nyuma, chini ya usawa wa maji, la kupitishia shafti.

Nipimie upana wa boti kwa ndani, karibu na nyuma. Usikadirie kwa macho. Pima.

Dada yako,
Emerensiana


Kapalamsenga
3 Juni 2025

Dada Emerensiana,

Milele amina. Barua nimeipata kwa dereva wa gari la Karema, haikulowa wala haikufunguliwa. Nimefurahi sana kwa wazo lako. Injini ile naiheshimu. Imetusomesha sisi wote wawili, mimi mpaka pale nilipokimbia mwenyewe.

Ila dada, naomba unisikilize kidogo kuhusu dizeli. Kwanza ni uzito. Ile kuinyanyua ni watu wanne wenye shibe, na ikishaingia ndani inakula nafasi ya samaki na ya nyavu. Pili, pwani yetu ni mchanga. Upepo wa kusini ukianza, boti zinavutwa juu, la sivyo mawimbi yanazivunja. Sasa dizeli propela yake iko chini, ukivuta inachimba mchanga, inapinda. Ya petroli, hii ya kufunga nyuma kwa nje, unaiinua tu inatazama juu, boti inapanda bila shida. Tatu, mbio. Gari la wanunuzi linaondoka hapa saa tatu asubuhi. Mwenye petroli anafika saa moja, anachagua bei. Mwenye dizeli anafika anakuta vumbi.

Halafu ya petroli ikiharibika unaifungua, unaiweka kwenye bodaboda, unampelekea fundi Karema. Jioni unaibeba begani unaenda nayo nyumbani, hakuna wa kuichezea.

Kuna mtu hapo mjini, nyuma ya soko, ana ya petroli ya farasi kumi na tano, nzima, na anatafuta dizeli ya mashine. Mnabadilishana tu, kichwa kwa kichwa. Nakuomba uonane naye kabla Enoka hajaanza kazi nyingine yoyote. Mwenzangu ninayevua naye, Cyriaque, mzaliwa wa Mishamo, mtu mwelewa sana, naye anaona hivyo hivyo.

Vipimo nitakutumia.

Mdogo wako,
Ponsian


Mwamkulu
11 Juni 2025

Ponsian,

Nimesoma. Umeandika vizuri kuliko ulivyowahi kuandika shuleni, na hilo ndilo lililonitia wasiwasi.

Sikukaa nikabisha peke yangu. Nilimtuma Enoka akaongee na wale wanaoleta samaki wa migebuka kutoka Ikola, maana wao wana injini za aina zote mbili. Nakupa majibu yao. Petroli inakunywa mara mbili na zaidi ya dizeli kwa safari ile ile, na huko kwenu petroli inauzwa kwenye vidumu, hujui muuzaji ameongeza nini. Dizeli haina mbio, kweli, lakini inavuta mzigo mzito siku nzima bila kulalamika. Habari ya mchanga wameimaliza kwa magogo: wanalaza magogo, wanaweka chuma cha kukinga propela, boti inapanda juu kama kawaida. Na kama gari linaondoka saa tatu, mtu wa dizeli anageuza mapema. Hilo ni suala la kuamka, si la injini.

Sasa nakuja kwenye hilo la kubeba begani. Umelitaja kama jambo zuri. Mimi niliposoma pale nilikaa chini. Unaijua nyumba yangu, unajua nilikuwa na vitu viwili vya moto: dizeli ya baba na ile pampu ya petroli ya kumwagilia bustani. Hezron aliponiacha mimi na Mary, aliondoka na pampu. Aliifunga nyuma ya baiskeli asubuhi kweupe, akaniambia anaipeleka kwa fundi, na mpaka leo fundi hajamaliza. Dizeli aliiacha kwa sababu ilikuwa imefungwa kwenye zege na hakuwa na watu wanne. Tangu hapo sikai na kitu chepesi. Mwanamume akianza kunisifia kitu kwamba kinabebeka, najua kuna mahali anataka kukipeleka.

Kama una mpango wa kuvuka kwenda Kongo niambie nikuage vizuri. Huyo Cyriaque wako simjui hata kwa sura. Na vipimo hukuleta. Mtu anashindwaje kupima boti yake mwenyewe iliyo nchi kavu?

Mtu wa nyuma ya soko sitaonana naye. Jumamosi hii injini inapanda lori la magunia, na Enoka yuko juu yake na vifaa vyake vyote. Mpokee, mpe pa kulala, mwoneshe boti.

Emerensiana


Kapalamsenga
20 Juni 2025

Mama Mary,

Shikamoo. Ni mimi Enoka. Mliniambia niandike kila nitakachokipima na kila nitakachokiona, kwa hiyo naandika.

Tulifika Jumapili mchana. Njiani tulikwama mara moja kwenye korongo. Injini ni salama, isipokuwa bomba la moshi limepinda, nimelinyoosha. Kuishusha tulikuwa watu sita. Ponsian alinipokea vizuri sana, nimekula samaki mpaka nimechoka.

Boti niliyooneshwa ni nzuri. Urefu mita tisa na nusu. Upana ndani, karibu na nyuma, mita moja na sentimita themanini na mbili. Mbao ni mninga, kavu, hazina ufa. Nasema kama fundi: boti ile inaifaa dizeli kuliko petroli. Ina kitako kipana, itatulia. Nilitengeneza kitanda kwa siku mbili. Juzi nikachora kwa chaki mahali pa kutoboa.

Nikiwa nimeshika keekee akaja mtu mmoja wa makamo, mrefu, akanisalimia kwa adabu, akauliza ile alama ni ya nini. Nikamweleza. Akainama akaitazama, kisha akasema, "Fundi, boti hii ni yangu. Habari ya tundu sijaambiwa na mtu."

Ndiye Cyriaque. Mama, boti hiyo haikuandikwa SUZANA. Imeandikwa DONATILLE, na Donatille ni mke wake, nimemwona. Nilimuuliza Ponsian Suzana iko wapi, akaniambia atawaandikia mwenyewe. Mimi nimeweka vifaa chini. Mambo ya familia sitaki kuyaingilia.

Ila hili ni la kazi, lazima niliseme. Petroli ukiifunga ni skrubu mbili, ukiitoa boti inabaki kama ilivyokuwa. Dizeli siyo hivyo. Nikishatoboa, injini na boti ni kitu kimoja. Ukija kuitoa, boti inabaki na tundu na injini inabaki haina kazi. Kwa hiyo mniambie nitoboe boti ya mtu mwingine au nisitoboe.

Nasubiri amri yenu.

Enoka


Kapalamsenga
22 Juni 2025

Dada,

Enoka ameshakuandikia, kwa hiyo sina tena pa kujificha.

Suzana haipo. Imekwisha tangu Machi mwaka jana. Ubao mmoja wa chini, upande wa kulia, ulikuwa umeanza kulainika. Fundi wa hapa aliniambia niutoe niweke mwingine. Mimi nikaona kukuomba ubao wakati ndiyo kwanza umemaliza kupanda ni kukusumbua, nikaziba kwa pamba na lami, nikajiambia utafika mavuno. Tulikuwa tunarudi kutoka Ikola, saa sita mchana, mimi na kijana wangu wa kuvuta nyavu, ubao ukaachia. Cyriaque alipita akatutoa majini. Lami ile ilikuwa mbaya, haikushika kabisa kwenye mti wenye unyevu, sasa najua. Siku ya tatu maji yalirudisha mbao mbili pwani, moja ilikuwa na herufi za jina la mama. Nilizipasua nikapikia, kwa sababu nilishindwa kuziangalia.

Nilitaka kukuambia wakati wa Pasaka. Ukaleta gunia la mchele, umeandika "kwa watu wa Suzana". Tukala. Baada ya pale kila mwezi ulivyopita ilikuwa ngumu zaidi, mpaka nikaanza kukujibu habari za boti kama vile ipo. Najua ni ujinga.

Tangu hapo navua kwenye boti ya Cyriaque, navuta nyavu, napewa fungu langu. Sasa tumekubaliana hivi: ziwa likifunguliwa yeye anatoa boti na nyavu, mimi natoa injini, tunagawana nusu kwa nusu. Nisipokuwa na injini siku hiyo, yuko mtu wa Karema mwenye petroli yake, ataingia yeye. Mimi nitarudi kuvuta nyavu, na nina miaka thelathini na tisa, mgongo wenyewe ndio huu.

Ndiyo maana nilitaka ya petroli. Habari za mchanga na mbio ni kweli, lakini hazikuwa sababu. Injini ya nje inabaki kuwa yangu hata ikiwa kwenye boti ya mtu. Tukikosana, nafungua skrubu mbili naondoka nayo. Dizeli ikishaingia imeingia. Sikutaka kupoteza cha baba kama nilivyopoteza cha mama. Kongo siendi, sijui hata mtu mmoja huko.

Cyriaque hajakasirika. Nimemweleza kila kitu, akacheka kidogo, akasema ningemwambia tangu mwanzo. Ila na yeye ana hofu yake. Anasema tukimtobolea boti, halafu siku moja dada wa Mpanda akaja kuidai injini yake, yeye atabaki na tundu. Mkewe anasema tusubiri neno lako.

Nisamehe.

Ponsian


Kapalamsenga
13 Julai 2025

Dada,

Wiki ya tatu hii. Dereva anaapa barua zote mbili, ya Enoka na yangu, alikukabidhi mkononi. Simu nilipanda kilimani nikapiga, ikaita mpaka ikakata. Kama umekasirika, niandikie kwamba umekasirika.

Injini iko chini ya turubai, karibu na jiko la Cyriaque. Mama Donatille anaifuta vumbi kila asubuhi kana kwamba kuna mgeni atakuja kuiona. Enoka ameshatengeneza milango ya nusu kijiji kwa kukosa kazi. Yule mtu wa Karema amekuja mara mbili kuitazama boti. Mara ya pili alikuja na futi.

Umebaki mwezi mmoja. Kama hutaki, sema, nitaipakia kwenye lori Jumamosi ya tarehe ishirini na sita, irudi nyumbani. Sitakulaumu hata kidogo.

Ponsian


Mwamkulu
19 Julai 2025

Ponsian,

Nimekasirika. Umetaka niandike, nimeandika.

Nilianza kukujibu mara tano, nikachana mara tano. Mwaka mzima na miezi juu yake, kila Jumapili nimekuwa nikiiombea boti, naitaja kwa jina mbele ya Mungu, na wewe ulikuwa umeshaipikia ugali. Nikimwambia mtu anacheka. Na mimi nilicheka siku moja, halafu nikalia, Mary akadhani kuna aliyefariki.

Mbao siyo shida yangu. Mbao zinaoza, hata ningekupa za chuma zingeoza siku moja. Kinachoniuma ni kwamba ulikaa kwenye boti inayovuja ili usiniombe ubao mmoja. Ulinionaje mimi? Mtu wa kupima ubao na roho yako, nikaona ubao mzito zaidi? Kama nilikufanya uniogope kiasi hicho, basi sehemu ya kosa ni yangu, na hilo nalikubali kwa shida.

Kuhusu Hezron pia nimefikiri. Miaka yote hii nimeamini aliondoka na pampu kwa kuwa ilikuwa nyepesi, nikawa nafunga kila kitu kwenye zege. Si kweli. Hezron angeondoka hata mikono mitupu. Nilikuandikia maneno yanayomfaa yeye kana kwamba wewe ni yeye, na wewe siyo yeye. Kwa hilo naomba radhi.

Usipakie kitu kwenye lori. Ndani ya bahasha hii kuna barua nyingine, ya Cyriaque na mkewe. Mpe mkononi, na usiisome kabla yake.

Na upige simu tena. Juzi ni mimi niliyekataa kupokea, lakini sasa nimemaliza.

Dada yako,
Emerensiana


Mwamkulu
19 Julai 2025

Ndugu Cyriaque, pamoja na Mama Donatille,

Nawasalimu. Hatujaonana, na mdogo wangu alipokutaja mara ya kwanza nilijibu kwa dharau kwamba sikujui hata kwa sura. Naanza kwa kuliondoa neno hilo.

Ponsian ameniandikia barua tatu tangu mwezi uliopita. Karibu zote ni injini: uzito, mchanga, petroli, mbio, lami na pamba. Habari ya wema wako ameiweka katika mstari mmoja tu, katikati ya habari ya ubao, kwamba ulipita ukawatoa majini. Akaweka nukta, akaendelea na lami. Nimekaa na mstari huo wiki tatu. Sikujua kwamba mwaka jana mwezi wa tatu, saa sita mchana, nikiwa pengine shambani napalilia, nilikuwa nimebakiza kidogo sana nibaki peke yangu katika nyumba ya wazazi wetu. Hakuna aliyekushukuru kutoka kwetu kwa sababu hakuna aliyejua. Asante. Nimeandika neno dogo kwa sababu makubwa sijayapata.

Nimeambiwa unaogopa tundu. Una haki. Ponsian naye anaogopa kupoteza injini, na mimi niliogopa kila kitu kinachoweza kubebwa. Wote watatu tumekuwa tukipanga siku ya kuachana kabla ya siku ya kuanza kazi. Enoka amenieleza kwamba dizeli ikishafungwa haina kurudi, na mwanzoni niliposoma hivyo nilitaka kumwandikia afunge vifaa vyake arudi.

Sasa naandika hivi, na Enoka na Ponsian wawe mashahidi. Injini ikiingia kwenye boti yako ni ya boti yako. Sitakuja kuidai. Mkikosana na mdogo wangu, atoke yeye na nguo zake, injini ibaki, usibakie na tundu. Kugawana nusu kwa nusu mtajua wenyewe. Siku ile ulipomwingiza Ponsian kwenye boti yako hukuuliza atatoka lini, wala nani atakuja kumdai, na mimi nakuletea injini ya baba yetu kwa namna hiyo hiyo.

Mwambie Enoka atoboe. Akimaliza arudi haraka, mota imeanza kupiga kelele na watu wa kukoboa wamejaa mlangoni.

Ni mimi,
Emerensiana, dada yake Ponsian